Nyumba ya kuacha unga na gongo: zana gani za kufundishia zinafaa mwezi wa kwanza?

Bi Chaki, Mtwara (Jumanne, saa 2 usiku)

Habari za jioni, wadau. Mnivumilie nikirefusha, nimezoea ubao.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, mingi darasa la kwanza na la pili, sasa nimestaafu. Mtoto wa marehemu dada yangu alikuwa anakula unga, yaani heroini. Alipopokelewa kwenye nyumba moja ya upataji nafuu hapa Mtwara, upande wa njia ya Naliendele, nikawa nampelekea ndizi na machungwa kila Jumapili. Kumbe najipeleka mwenyewe. Msimamizi alipojua mimi ni mwalimu akaniomba nisaidie vipindi, Jumatatu na Alhamisi. Wako 14, wanaume watupu. Mdogo ana miaka 19, mkubwa ana wajukuu wawili. Tisa ni wa unga, mmoja ni bangi na vidonge, wanne waliobaki ni wa pombe, na kwetu huku pombe maana yake ni uraka, pombe ya mabibo, na nipa inayokenekwa kwayo, msimu ukiwepo, na gongo lolote usipokuwepo.

Nilikabidhiwa kabrasha la kurasa 60 na kitu, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili kama hiki: "Ainisha vichochezi vya ndani na vya nje kisha uandae mpango mkakati wa kukabiliana navyo." Nimesoma sentensi hiyo mara mbili na cheti cha ualimu ninacho. Nikaandaa andalio la somo la dakika 40 kama kawaida yangu. Dakika ya 8 wawili wamelala, mmoja yuko nje anatapika, na mmoja, fundi seremala wa Chikongola, ananitazama usoni kwa adabu zote. Nikamuuliza kama ninavyowauliza watoto, "Nimesema nini?" Akajibu, "Umesema vizuri, mwalimu."

Mzee mwenye wajukuu hajui kusoma. Hakuniambia. Nilimgundua kwa jinsi alivyokuwa anageuza kurasa kwa kumtazama jirani yake kwanza.

Kuna na bango. Tulipewa mahali, picha kubwa ya sindano, kijiko na fuvu la kichwa, na maandishi mekundu DAWA ZA KULEVYA ZINAUA. Nikalibandika ukutani nikiona nimefanya la maana. Kijana wa miaka 19 akaanza kutoka jasho, akaomba ruhusa ya kwenda chooni, hakurudi darasani. Jioni akaniambia, "Mwalimu, ile picha inaniita." Wala hakuwa anasema fuvu. Nikalibandua siku ileile.

Basi kipindi cha tatu nikasema ngoja nirudi kwenye kazi ninayoijua. Darasa la kwanza tunahesabu kwa vitu: mawe, vijiti, mbegu. Nikachukua komwe za bao la mume wangu, nikampa kila mmoja chupa tupu ya maji, nikatangaza kwa sauti yangu ya darasani: "Kila asubuhi ukiamka hujatumia, chukua kete moja, weka kwenye chupa yako." Kimya. Halafu nyumba nzima ikaangua kicheko, mzee wa wajukuu mpaka machozi. Kijana wangu akanivuta pembeni: "Mama mdogo, kete si ndiyo yenyewe hiyo!" Kwenye taarifa ya habari nalisikia neno hilo kila siku, kete za unga, kichwani kwangu halikuja kabisa. Mimi kete ni ya bao.

Tukahamia kwenye korosho ghafi, nilikuwa na ndoo nzima ya mwaka jana stoo. Na hapo ndipo darasa liliposhika. Sasa kila asubuhi wanapanga foleni kwenye ndoo hata wale wanaonuniana.

Maswali yangu. Mnatumia zana gani kwa mtu aliye wiki ya kwanza mpaka ya nne, hasa asiyesoma? Je, wa unga na wa gongo wakae somo moja? Na hili linaloninyima usingizi: yule seremala aliomba ruhusa ya msiba Nanyamba, akaondoka Alhamisi alfajiri, akarudi Jumamosi asubuhi. Chupa yake ilikuwa na korosho 23. Aliporudi akaweka na za siku ambazo hakuwepo, na anaendelea kuweka, leo ziko 29. Wenzake wananinong'oneza kwamba huko alitumia. Kabrasha linasema anayetumia huanza hesabu upya, yaani chupa imwagwe. Mkono wangu unasita. Waliopitia haya naomba mnisaidie.

Ngalawa Moja, Mikindani

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mmoja wa hao unaowafundisha, tofauti ni miaka tu. Unga nimekula miaka 11, mingi Dar. Nimekunywa methadoni, ile dawa ya kuachia unga, hospitali ya Mwananyamala miaka mitatu na miezi, kila siku ya Mungu dirishani, nikashushwa dozi polepole mpaka nikamaliza. Nikarudi nyumbani kuvua. Huu mwaka wa sita sijagusa.

Huyo aliyekujibu "umesema vizuri" usimchukie. Arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, inaanza saa 6 mpaka 12 baada ya kete ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele. Miayo, kamasi, vinyweleo vimesimama, tumbo linakata, mifupa kama inapigwa nyundo kwa ndani. Baada ya wiki mwili unatulia, watu wa nje wanasema amepona. Uongo. Usingizi haujarudi. Mimi mwezi mzima nililala saa mbili tatu kwa usiku. Mtu wa hivyo unampa kurasa 60? Mpe dakika 10 baada ya chai ya asubuhi, jambo moja tu, na kesho mpe lilelile. Usione aibu kurudia, mwalimu, kwa sababu la jana hana.

Katika vyote nilivyofundishwa mwezi wa kwanza nakumbuka kitu kimoja. Mshauri alichora kwa mkaa sakafuni wimbi moja. Akasema hamu ikija inapanda hivi, inafika hapa juu, inashuka hivi. Nyingi hazimalizi nusu saa kama huzilishi. Akaondoka, hata hakutoa hotuba. Mimi mtoto wa pwani, lile somo liliingia kwa sababu nimelijua toka utotoni: wimbi hupigani nalo wala hulipi ubavu, unalielekezea omo, yaani mbele ya chombo, linapita chini yako. Toka siku hiyo hamu ikinijia nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Dakika 20. Dakika 25. Imepita.

Halafu wafundishe na bamvua. Kuna siku maji yanajaa kuliko kawaida, na mvuvi anazijua kabla hazijafika, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hamu nayo ina bamvua zake. Mimi bamvua yangu ilikuwa siku ya kulipwa, siku ya ugomvi na mama watoto, na siku nikipita njia fulani pale Magomeni, Dar. Kila mtu ajue zake. Hicho kitu kabrasha lako linakiita sijui vichochezi vya nini.

Kuhusu chupa. Usimwage, nakuomba kama mama yangu. Tulikuwa na mwenzetu maskani, alikaa nyumba kama hiyo miezi mitatu. Alidondoka mara moja, akaficha, maana wangemrudisha siku ya kwanza mbele ya watu. Mara ya pili akajificha kabisa, peke yake, akatumia kiasi kilekile alichokuwa anatumia zamani. Mwili ulishasahau. Tulimkuta asubuhi. Hilo ndilo somo ningeliweka la kwanza kabla ya mengine yote, na hakuna aliyenifundisha mimi: ukikaa hata wiki mbili tatu bila, dozi yako ya zamani si yako tena.

Baba Tandahimba

Mnabembeleza watu wazima kwa korosho kwenye chupa. Mwageni chupa, mpeni jembe, alime mpaka atoke jasho la kweli. Mimi kijana wangu mwezi wa sita aliuza mashine ya kupulizia, nikanyamaza. Mwezi wa saba akauza salfa, dawa ya mikorosho, mifuko saba, msimu wa kupulizia uko katikati. Mikorosho yangu ekari nne imeliwa na ugonjwa wa ubwiri unga mimi natazama. Halafu niambiwe "ugonjwa". Ugonjwa gani unajua bei ya salfa?

Bi Chaki, Mtwara

Baba Tandahimba, pole sana, na sisemi kwa kukupoza. Huyu wa kwangu aliuza cherehani ya marehemu mama yake, niliyokuwa nimemtunzia yeye. Nilimchapa na umri huu wangu. Hakuacha.

Ngalawa, marahaba mwanangu. Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo nikiacha kumwaga chupa, nifanye nini? Maana nikinyamaza vilevile nawafundisha wale 13 kwamba uongo unalipa.

Nesi wa Zamu, Lindi

Mwalimu, nakujibu la gongo kwanza maana hilo haliwezi kusubiri.

Wa unga na wa pombe wanaweza kukaa darasa moja wakishatulia. Siku za mwanzo hapana. Arosto ya unga inatesa kuliko unavyoweza kueleza, lakini mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine mara chache inamuua, muhimu anywe maji na ile dawa ya chumvichumvi (ORS) anayopewa mtu anayeharisha, asikauke. Pombe ni kinyume na watu wanavyodhani. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka akikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za kwanza, na kati ya siku ya 2 na ya 4 akaanza kuweweseka, anaona wadudu ukutani, joto linapanda, mapigo yanakwenda mbio. Huyo anaweza kufa. Msije mkamfungia chumbani mkisema ni mashetani au anaigiza. Kabla hajaingia kwenye nyumba yenu apitie hospitali, aangaliwe, apewe dawa za kumtuliza na vitamini B1. Somo la wa pombe katika wiki ya kwanza liwe la wale wanaokaa naye, wajue kutambua mikono inayotetemeka na jasho. Vidonge vya usingizi navyo ni vivyo hivyo, kwa hiyo huyo wa bangi na vidonge muulizeni vizuri ni vidonge gani. Na kama siku moja mtapokea mama mjamzito anayetumia unga, msimkatishe ghafla, mleteni kliniki.

Naomba pia mtu akitajiwa methadoni pasiwepo wa kumwambia ni "unga wa serikali". Nimelisikia hilo hata kwa wahubiri. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, ni dawa ya maji, dozi moja inamshika mtu siku nzima, arosto haiji, anakwenda kazini. Ngalawa ni shahidi. Iwekeni kwenye masomo yenu kama njia halali, anayetaka kuifuata asione ameshindwa.

Sasa chupa. Wimbi analolisema Ngalawa ni somo linalofundishwa kabisa. Aliyelieneza ni mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, kwenye miaka ya 1980. Huyohuyo alieleza na jambo lako la chupa. Alitenganisha kuteleza mara moja na kurudi moja kwa moja, akaonyesha kwamba kinachomvusha mtu kutoka la kwanza kwenda la pili mara nyingi ni yale anayojiambia baada ya kuteleza: "Nimeshaharibu, bora nimalizie." Waswahili tulishasema kuteleza si kuanguka, ila hatukulipeleka kwenye unga. Ukimwaga korosho 23 mbele ya watu umemsaidia kujiambia hivyo. Siku 23 alizilala kweli bila kutumia, ubongo wake ulizipata. Ila Baba Tandahimba naye ana haki kwenye upande wa uongo. Za uongo zitoke. Nani azitoe, hilo wewe mwalimu unajua kuliko mimi.

Kadi ya mfukoni tengenezeni, picha tu. Aliyezidiwa na unga: anakoroma kwa mkoromo usio wa kawaida, pumzi moja moja, midomo imebadilika rangi, ukimfinya haamki. Mlaze ubavu, akimbizwe hospitali, kuna sindano ya naloksoni ya kumzindua. Asinyweshwe maziwa, asimwagiwe maji, asiachwe "alale itaisha". Usichore sindano wala kijiko kwenye kadi hiyo, kwa sababu uliyoiona mwenyewe.

Fundi Spika, Masasi

Habari wakuu. Mimi natengeneza redio, sina utaalamu wa mambo haya ila nina kaka. Kwa wasiosoma: chukueni spika ndogo ya flashi, zile za kuingiza memori kadi. Simu janja nyumba nyingi haziruhusu na wana sababu, namba za mapusha, yaani wauzaji, zimo humo. Mtu arekodi somo dakika tatu, zisizidi, zichezwe jioni. Kaka yangu nilimrekodia sauti ya mama akimwambia tu habari za nyumbani, mbuzi amezaa, paa limerekebishwa. Alikuwa anasikiliza hiyo kuliko mawaidha. Sauti iwe ya mtu wa huku, mkiweka ya mtangazaji wa Dar wanadhani tangazo la sabuni.

Baba Tandahimba

Nesi, nimesoma. Sijabadilisha mawazo yote. Lakini nauliza: huyu wa kwangu anatoka nyumba ya huko Dar mwezi wa kumi katikati, minada ya korosho ndiyo imeanza. Nyumba nzima itakuwa na pesa, majirani wana pesa, kila kona kuna mtu anaonja uraka. Mwenyewe ana mikorosho 40 niliyompa, jina lake liko AMCOS, chama chetu cha ushirika. Hela itaingia benki kwa jina lake. Nifanyeje? Nimfungie?

Ngalawa Moja, Mikindani

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ndiyo bamvua kubwa kuliko zote za huku kusini, na sijawahi kuona karatasi hata moja inayoitaja. Makabrasha yanaandika "epuka sherehe za mwisho wa mwaka". Wetu hawadondoki Krismasi, wanadondoka malipo ya kwanza.

Kumfungia hapana, atatoka na atatoka na hasira. Mimi mwaka wa kwanza nilimwomba mwenyewe kaka yangu mkubwa akae na kadi ya benki, neno la siri ninalo mimi. Mmoja peke yake hawezi kutoa. Nilikubali kabla pesa haijaingia. Ukisubiri iingie ndipo umwambie, umechelewa, utaonekana unamwibia. Na kila siku ya malipo niliomba mtu wa kukaa naye mpaka usiku, hata kama tunacheza bao tu. (Mwalimu, hapo kete ruksa.) Kama inawezekana asirudi katikati ya msimu, abaki huko mpaka Januari. Kama haiwezekani, mpe kazi ya kulinda magunia ghalani na wewe mzee ukiwepo. Asilale peke yake shambani palipo na mtambo wa nipa jirani.

Baba Tandahimba

Kadi kwangu, neno la siri kwake. Hapo nimekuelewa. Nitampigia Jumapili.

Bi Chaki, Mtwara (wiki tano baadaye, Jumanne)

Nimerudi kuleta matokeo kama nilivyoahidi kule inboksi.

Seremala kwanza, maana wengi mmeniuliza. Alhamisi ile baada ya kipindi nilimwomba anisaidie kubeba ndoo ya korosho mpaka jikoni. Sikumuuliza kitu. Nilimwambia tu, "Mwanangu, nimeleta chupa ya pili, na ya kwanza haimwagwi." Alikaa muda mrefu akiichezea ile ndoo. Halafu akaenda kuchukua chupa yake, akamimina mezani, akahesabu mwenyewe. Zilikuwa 31. Akarudisha 23, akakaza kizibo. Zimebaki 8. Mbili akazitupa kwenye ndoo, Alhamisi na Ijumaa ya msibani. Sita, toka Jumamosi aliporudi, akazitia chupa mpya. Hakusema alitumia nini wala na nani. Kesho yake akaibeba ile chupa mpya kwenye foleni mbele ya wote, na mzee wa wajukuu akamsogezea nafasi. Leo ina 39. Ya kwanza iko juu ya rafu palepale. Wiki iliyofuata wawili wengine walikuja kuniomba chupa ya pili bila kusemewa na mtu, jambo ambalo lilinifurahisha na kunitisha kwa pamoja.

Kabrasha nimelifungia kabatini. Lile bango la sindano karatasi yake ilikuwa nene na nzuri, nikaligeuza nyuma nikachora bahari kwa makapeni: wimbi moja kubwa, saa ubavuni, na ngalawa imelielekeza omo. Nilipofika kwenye bamvua nikachanganya siku za mwezi, mzee wa wajukuu akanyanyua kidole kama mtoto wa shule. Kumbe amevua Msangamkuu miaka 30. Akachukua makapeni akachora miezi miwili yote, mwandamo na mpevu, akaonyesha lini maji yanajaa na lini ni maji mafu, pasipo herufi hata moja. Wenzake wakaweka alama zao humo: Ijumaa jioni, siku ya simu kutoka nyumbani, siku ya mnada. Tangu hapo somo la kalenda ni lake. Mimi nakaa nyuma.

Lililonishinda ni maigizo. Nilidhani tuigize mtu anakutana na pusha stendi, anakataa. Aliyeigiza pusha alikuwa mzuri mno. Tulicheka dakika mbili za kwanza, kisha chumba kikapoa kama kimemwagiwa maji, na usiku ule watatu hawakulala. Nimeacha. Labda mwezi wa tatu au wa nne, kwa hawa wachanga hapana.

Nesi, wa gongo aliyeletwa juzi nilikataa asiingie mpaka apite hospitali kwanza. Msimamizi alininunia. Kesho yake usiku mtu huyo alipata degedege wodini. Msimamizi ameacha kuninunia.

Fundi, spika ilifanya kazi wiki tatu. Tulirekodi sauti zao wenyewe, dakika tatu tatu, mmoja akasimulia kwa Kimakonde jinsi alivyolala usiku mzima mara ya kwanza, wakaomba irudiwe kila jioni. Kisha yule wa miaka 19 akaruka ukuta usiku na spika akaondoka nayo. Ilikuwa 25,000. Memori kadi aliichomoa akaiacha juu ya mto wangu wa kukalia. Chupa yake ina 41. Nimeikaza kizibo nikaipandisha rafuni kando ya ile ya seremala, na ile kadi ya picha aliyoisema Nesi alikuwa nayo mfukoni, nilimwona akiitia mwenyewe. Mama yake anaishi Magomeni ya hapahapa Mtwara, nimekwenda mara mbili, nimemwachia na yeye kadi na nimemweleza lile la dozi ya zamani. Alisikiliza vizuri kuliko darasa zima.

Swali la leo ni dogo. Korosho zangu za mwaka jana zimeingia wadudu, chupa mbili asubuhi zilikuwa na unga chini, na sihitaji kuwaeleza utani uliofuata. Mpya zitakuja mwezi wa kumi ila bei ilivyo sitaki kuzifungia kwenye chupa. Vizibo vya soda vinapatikana wapi kwa wingi hapa mjini? Nahitaji kama 700.